Mwongozo kamili: Runinga kiasi gani kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, na namna ya kukishika kiasi hicho nyumbani

Wazazi wengi wa Mtwara na Lindi hawaulizi tena kama runinga ya mtoto ina kikomo. Wanachouliza ni kwa nini kikomo chenyewe hakidumu. Jumatatu mama anatangaza kwamba kuanzia leo katuni ni mara moja tu, Jumatano mtoto analia mpaka bibi anamwonea huruma, na ikifika Ijumaa mambo yamerudi yalivyokuwa, ila sasa mtoto ameshajua kwamba kilio kinalipa.

Kwa maoni yangu sababu kubwa ni moja: kikomo anawekewa mtoto, huku runinga yenyewe ikiendelea kuwaka kutwa kwa ajili ya wakubwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na wakubwa, na mtoto anaingia katikati. Anayeruka hatua tatu za mwanzo ili aanze na ile ya kuzima atarudi pale pale alipokwama.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Karatasi na kalamu, vikae karibu na runinga ambapo kila mtu mzima anaweza kuandika.
- Saa ya ukutani, au simu yenye kengele.
- Khanga au kitambaa cha kuifunika runinga inapokuwa imezimwa na imepoa.
- Mahali pa juu pa kuwekea rimoti, ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.
- Kapu la kuchezea: vifuu vya nazi, vifuniko vikubwa, vikombe vya plastiki, mabaki ya vitambaa, maboksi. Hakuna haja ya kununua kitu dukani.
- Mkeka wa kutandika uani au barazani.
- Flashi yenye vipindi vichache vya watoto ulivyovitazama mwenyewe hadi mwisho.

Kabla ya yote, itikise meza au sanduku lililobeba runinga. Ikiyumba, ihamishe leo, kwa sababu mtoto anayejivuta ili asimame hushika chochote kilicho mbele yake, na runinga iliyowekwa juu ya stuli inaweza kumwangukia kichwani. Nyaya za king'amuzi, na za betri ya sola kwa wanaotumia sola, zipite nyuma ya fanicha.

## Kiasi chenyewe

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazoezi, kukaa kitako na usingizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kuhusu runinga na vioo vingine vya kutazama, linapendekeza hivi:

- Chini ya mwaka mmoja: asitazame kabisa.
- Mwenye mwaka mmoja: bado haipendekezwi.
- Mwenye miaka miwili: isizidi dakika 60 kwa siku, na zikipungua ni bora zaidi.
- Miaka mitatu na minne: vilevile isizidi dakika 60, na zikipungua ni bora zaidi.

Dakika hizo ni jumla ya siku nzima, simu na kompyuta zikiwemo. Aliyetazama katuni dakika 40 kwenye runinga na dakika 30 kwenye simu ya mama mdogo ameshapita kikomo.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, kinaachia jambo moja hata kwa wasiofikisha miezi 18, nalo ni mazungumzo ya simu ya video na ndugu. Kwa hiyo baba aliyeko Dar es Salaam akipiga jioni ili amwone mwanawe, mama asihesabu dakika hizo. Baba anajibu, anacheka mtoto akicheka, anaita jina lake, na hilo katuni haliwezi.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kuwakataza kabisa walio wadogo zaidi. Mtoto mchanga hujifunza kutoka kwa uso unaomsubiri naye ajibu. Watafiti wameona mara kwa mara kwamba watoto wa chini ya miaka miwili na nusu hivi huiga na kukumbuka kidogo kile wanachooneshwa kwenye kioo, wakilinganishwa na wanachooneshwa na mtu aliye mbele yao. Wimbo wa herufi unaweza kumnyamazisha mtoto wa miezi kumi, lakini kunyamaza kwake kusichukuliwe kuwa ni kujifunza.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kubadilisha chochote

Kwa siku tatu, mojawapo ikiwa Jumamosi au Jumapili, andika kila runinga inapowashwa na kuzimwa, nani aliiwasha, na mtoto alikuwa wapi. Usimkemee mtu wala usipunguze kitu, kwa sababu kipimo cha siku ambayo watu wanajichunga hakisemi kweli.

Karatasi ya siku moja, kwa mfano, inaweza kusomeka hivi:

Saa 12:30 hadi 1:15 asubuhi, habari za baba. Mtoto anakunywa uji akitazama. Dakika 45.

Saa 3:00 hadi 4:30 asubuhi, muziki. Mama anafua uani, mtoto anaingia na kutoka. Dakika 90.

Saa 8:00 hadi 8:40 mchana, katuni kwenye simu ya dada. Dakika 40.

Saa 1:00 hadi 3:00 usiku, tamthilia na taarifa ya habari. Mtoto amelala mkekani mbele ya runinga, anashtuka na kulala tena. Dakika 120.

Jumla ni dakika 295, yaani karibu saa tano. Mama wa nyumba hiyo akiulizwa atajibu kwa moyo safi kwamba mwanawe hutazama katuni dakika 40 tu, naye hasemi uongo. Dakika 255 zilizobaki ni za wakubwa, mtoto akiwemo chumbani. Hizo ndizo za kushughulikia kwanza, na uzuri wake ni kwamba kuziondoa hakumlizi mtoto hata kidogo.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi tatu ambazo kila mtu mzima wa nyumba amezisoma na kukubali kuwa ni za kweli.

## Hatua ya 2: Kubalianeni wakubwa

Kaeni pamoja wote mnaobaki na mtoto: baba, mama, bibi, dada wa kazi, na jirani ambaye mtoto huamkia kwake. Katika nyumba nyingi za Wamakonde, Wamwera na Wayao neno la mjomba lina uzito wake, kwa hiyo kama mjomba hufika mara kwa mara naye aambiwe mapema, tena kwa adabu, badala ya kukatazwa kuwasha runinga mbele ya watoto.

Kubalianeni mambo matatu tu: mtoto anatazama saa ngapi, nani anawasha na kuzima, na akilia mnafanya nini. Orodha ndefu ya masharti haishikiki.

Bibi azungumziwe kwa namna ya pekee. Mara nyingi ndiye anayebaki na mtoto msimu wa korosho, kuanzia Septemba au Oktoba hivi, wazazi wanapokuwa shambani wakiokota, na anayewasha runinga ili apate kupumua si mvivu, amechoka. Ukimwambia "Mama, usimwashie" bila kumpa msaada, umemwongezea mzigo tu. Mwulize ni saa ngapi ya siku mtoto humshinda zaidi, kisha zile dakika za mtoto ziwekwe hapo hapo. Bibi akiona kwamba mpango umemfikiria na yeye, ndiye atakayeulinda kuliko wote.

Tahadhari: msijadili mbele ya mtoto wa miaka mitatu au minne. Akiona wakubwa hawakubaliani, atajua amfuate nani.

## Hatua ya 3: Zima runinga isiyotazamwa na mtu

Hii ndiyo hatua inayorudisha muda mwingi kuliko zote, nayo ndiyo wengi wanaidharau. Runinga inayowaka huku kila mtu ana shughuli zake inaonekana haina madhara kwa kuwa mtoto "haangalii". Utafiti umeonesha vinginevyo: ikiwa inawaka, mtoto huacha mchezo wake mara kwa mara ili atupe jicho na hivyo haufikishi mbali, na wakubwa nao humsemesha maneno machache zaidi kuliko ikiwa imezimwa. Maneno hayo ndiyo anayojengea lugha yake.

Fanya hivi:

1. Anayewasha ataje kipindi anachotaka. Kipindi kikiisha, azime.
2. Anayetaka muziki wakati wa kufua au kupika atumie redio.
3. Wakati wa kula, runinga iwe imezimwa kwa wote. Mtoto anayelishwa akiwa amekodolea kioo hafuatilii njaa wala shibe yake.
4. Ikishazimwa na kupoa, ifunikwe khanga. Kwa mtoto wa miaka miwili, kisichoonekana hakiombwi sana.

Habari za asubuhi zinaweza kusikilizwa redioni. Tamthilia ya usiku nitaifikia katika hatua ya saba.

Umefanikiwa ikiwa baada ya siku nne au tano mtoto anaingia sebuleni, anaona khanga, na anapita kwenda uani bila kuuliza.

## Hatua ya 4: Chagua saa na kipindi

Sasa ndipo zamu ya mtoto. Muda wake usifungwe kwenye saa ya ukutani, bali kwenye tukio analolijua: baada ya kuoga jioni, au baada ya usingizi wa mchana. Mtoto wa miaka mitatu hajui saa kumi ni nini, lakini anajua vizuri kwamba ameoga.

Muda mmoja wa dakika 30 unatosha, au miwili ya dakika 20. Sioni sababu ya kuzimaliza dakika 60 kwa kuwa tu zimeruhusiwa.

Kipindi kiwe cha Kiswahili anachokielewa, kiende polepole, kiwe na mwanzo na mwisho. Akili and Me, kinachotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, ni mfano mzuri. Sinema za mapigano, filamu za Kibongo za wakubwa na taarifa za habari zenye ajali na maiti si za umri huu, hata kama mtoto anaonekana hajali.

Ninapendelea flashi kuliko simu iliyo kwenye intaneti, kwa kuwa kwenye simu video moja ikiisha inaingia nyingine bila kuombwa, na mwisho haufiki. Mkitumia simu, kipakue kipindi kimoja, zima data, kisha mpe.

Tahadhari: kaka na dada wakubwa wasimbebe mdogo wao kwenda kwenye kibanda cha video. Dakika za huko zinahesabiwa pia, na yanayooneshwa huko hukuyachagua wewe.

## Hatua ya 5: Jaza nafasi kabla ya kuipunguza

Ukimwondolea mtoto saa tatu za runinga, umeacha saa tatu tupu, naye hawezi kuzijaza peke yake. Andaa kitu kabla hujazima.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwenye mwaka mmoja hadi minne ajishughulishe kwa mwili dakika zisizopungua 180 kwa siku, na kwa wa miaka mitatu na minne, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Kwa mtoto aliye na uani na kivuli cha mwembe au mkorosho, dakika hizo zinajileta. Aliye nyumba ya kupanga mjini Mtwara, kwa mfano Chikongola au Ligula, anahitaji mtu wa kumtoa. Jua likipungua apelekwe kwenye uwanja wa karibu au ufukweni, na huko ufukweni mtu mzima awe hatua chache tu kutoka alipo.

Ndani ya nyumba, kinachomshika mtoto kwa muda mrefu zaidi ni kazi yako mwenyewe. Chukua mfano wa ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa. Ikishachemshwa na kupoa, mpe wa miaka minne sahani yake na ming'oko mitano, mwoneshe namna ya kushika ganda kwa kucha na kulivuta. Wa kwanza utakatika vipande vipande, ganda litabaki limeng'ang'ania, naye atakula nusu kabla hajamaliza. Usimsaidie haraka. Kufikia wa nne atakuwa amegundua pa kuanzia, na wakati wote huo wewe unamenya ya kwako, mnazungumza. Hali ni hiyo hiyo kwa kubambua mbaazi mbichi, kuchambua mchicha, kufua kitambaa kidogo katika beseni lake lenye maji kidogo, mtu akiwa pale pale.

Jioni watoto wakubwa wa jirani wana kombolela, ukuti na mdako. Mdogo hatazijua kanuni, lakini atakimbia nao. Giza likiingia kuna vitendawili na hadithi, na hapo bibi hana mshindani.

Tahadhari mbili. Kwanza, aliye chini ya miaka mitatu asichezee punje, komwe, mbegu wala vijiwe vya mdako, kwa kuwa vinaweza kumkwama kooni. Pili, korosho ghafi zenye ganda zisiwe kitu cha kuchezea nyumbani kwa mtoto wa umri wowote, kwa sababu mafuta ya ganda lake yanababua ngozi na midomo.

## Hatua ya 6: Zima bila vita

Usizime katikati ya kipindi. Vilio vingi huanzia hapo, na mtoto ana haki ya kukasirika, kama ambavyo mtu mzima angekasirika mpira ukizimwa dakika ya 80.

1. Kabla ya kuwasha, mwambie: "Tunatazama kimoja. Kikiisha, tunazima, tunakwenda kula embe."
2. Kikikaribia kuisha, keti karibu naye umwambie kwamba kinaisha. Usiseme "bado dakika tano", kwani hazijui.
3. Kikiisha, yeye ndiye abonyeze kitufe. Jambo hili dogo husaidia sana, kwa kuwa anayezima mwenyewe hajanyang'anywa.
4. Embe liwe limeshakatwa. Ukisema "subiri nikakate", umempoteza.

Akilia, kaa karibu naye, sema kwa sauti ya chini kwamba unajua alikipenda na kwamba kesho kipo tena, kisha usiwashe. Siku za mwanzo kilio kinaweza hata kuzidi, kwa sababu anajaribu njia iliyokuwa ikifanya kazi. Ukiwasha baada ya robo saa ya kilio, umemfundisha kwamba robo saa ndiyo bei yake.

Jihadhari pia na kuifanya runinga iwe zawadi au adhabu. "Ukimaliza ugali nitakuwashia" huifanya runinga kuwa kitu kitamu kuliko vyote na ugali kuwa kodi ya kukipata.

Inapowezekana, tazama pamoja naye. Taja unachokiona, na baadaye kiunganishe na kitu halisi: "Yule mbuzi wa kwenye kipindi alikuwa na rangi gani? Na huyu wa babu?" Hivyo ndivyo kipindi cha dakika 20 kinavyogeuka kuwa mazungumzo ya jioni nzima.

Umefanikiwa siku kilio kikiwa kifupi na mtoto akaenda kwenye embe mwenyewe.

## Hatua ya 7: Usiku

Mwenye mwaka mmoja au miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 katika siku nzima, wa miaka mitatu na minne saa 10 hadi 13, wa mchana ukiwemo. Anayesinzia mbele ya tamthilia saa tatu usiku na kuamshwa saa 12 asubuhi hafiki huko kwa urahisi.

Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri vioo vizimwe saa nzima kabla ya kulala. Kwa nyumba nyingi za huku, njia nyepesi ni kumtanguliza mtoto: aoge, ale mapema, asimuliwe hadithi, alale chumbani, na ndipo wakubwa wafunue runinga yao. Nyumba ikiwa ya chumba kimoja, geuza mkeka wake ili asikielekee kioo, shusheni sauti, na mchague kipindi kimoja badala ya vitatu mfululizo.

Umeme ukikatika usikimbilie simu. Usiku huo ni wa vitendawili.

## Hatua ya 8: Pima tena

Baada ya wiki tatu rudia karatasi za siku tatu. Mkikuta jumla bado kubwa, tazameni ni mstari gani umebaki mrefu. Mara nyingi ni ule wa mchana wa simu au ule wa usiku, na unarudi kwenye hatua inayouhusu, si mwanzo. Msimu ukibadilika au mgeni akihamia, pimeni upya.

## Wakati wa kwenda kliniki

Yapo mambo ambayo kupunguza runinga hakuyatatui, wala runinga si lazima iwe ndiyo chanzo chake. Mpeleke mtoto kliniki ya mama na mtoto ikiwa anafikisha mwaka mmoja haoneshi kitu kwa kidole, hapungi mkono wala hatoi sauti za kujaribu kusema. Ikiwa ana miezi 18 hana neno hata moja. Ikiwa ana miaka miwili haungi maneno mawili kama "mama maji". Ikiwa haitiki jina lake. Au ikiwa amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Usisubiri kwa kuambiwa kwamba hata baba yake alichelewa kusema, kwa sababu tatizo la kusikia, kwa mfano, hushughulikiwa vizuri zaidi likigunduliwa mapema.

Ukihitajika uchunguzi zaidi, muuguzi atakuandikia rufaa, kwa mfano hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara au ya Sokoine kwa walio Lindi. Nenda na kadi ya mtoto pamoja na zile karatasi za kipimo, ili atakayekuuliza mtoto hutazama runinga kiasi gani ajibiwe kwa dakika zilizoandikwa.